Uzi kwa mwaka wa kwanza: "utaenda?" ni swali moja, "utaenda lini?" ni jingine (thermodinamiki, kinetiki na majina ya kemia ya ogani, yaani michanganyiko ya kaboni)

#1 Mwana_Tanuu

Wakuu, habari za muda huu.

Uzi huu nimeuleta kwa wadogo zangu wa mwaka wa kwanza wanaosoma kemia ya jumla, iwe ni ualimu, uhandisi, famasia au kilimo. Juzi mdogo wangu wa kike alinipigia saa tano usiku. Ana tesiti ya pili Jumatatu, makabrasha yamemjaa kitandani, na alichoniambia ni hiki: "Kaka, fomula zote nazijua ila maswali siyawezi." Nilimwelewa vizuri sana. Somo hilihili nililifanyia sapu (mtihani wa marudio), na fomula zote nilikuwa nazijua.

Nilichokuja kukiona wakati najiandaa na ile sapu ndicho ninachotaka kukiandika. Thermodinamiki inajibu swali moja: mmenyuko huu unaweza kwenda? Kinetiki inajibu swali jingine kabisa: utachukua muda gani? Mada hizi hufundishwa zikifuatana, mwanafunzi anazikoroga kichwani zinakuwa uji mmoja, kisha kwenye pepa anatoa jibu la hii kwa swali la ile.

Chukua gunia la mkaa lililoko uani kwa jirani tangu masika. Moli moja ya kaboni ikiungana na oksijeni kuwa kaboni dayoksaidi hutoa kilojuli 393.5 za joto, na nishati huru (kipimo cha upande ambao mmenyuko unaelekea; ikishuka, unaweza kwenda) inashuka karibu kiasi hichohicho. Ukiiuliza thermodinamiki, itakwambia mkaa ulio hewani una kila sababu ya kuungua. Na bado gunia limekaa miezi mitatu, hakuna hata moshi. Kati ya mkaa na ile gesi pana kilima cha kupanda kwanza, yaani nishati ya kuanzisha mmenyuko, na kwa joto la uani molekuli zinazoweza kukipanda ni chache mno. Ukiwasha kwa kijinga cha moto, chache zinapanda, zinashuka upande wa pili zikitoa joto, na joto hilo linazipandisha nyingine. Ndiyo maana mkaa ukishakolea hauhitaji tena kiberiti.

Almasi ni vilevile. Kwa joto la kawaida na kanieneo ya kawaida, almasi kugeuka grafiti kunashusha nishati huru kwa takribani kilojuli 2.9 kwa moli. Maana yake kila almasi iliyotoka Mwadui tangu mgodi ule ugunduliwe mwaka 1940 "inaweza" kuwa grafiti. Hakuna hata moja iliyogeuka mkononi mwa mtu, kwa sababu kilima chake ni kirefu mno.

Sasa hapa kuna neno linalowaumiza watu wengi: "spontenasi". Tunalisikia lekcha, tunadhani ni "papo hapo". Siyo. Kwa Kiswahili ningesema mmenyuko *unaokwenda wenyewe*, kama maji yanavyoteremka mlimani bila kusukumwa. Mto ukiwa na bwawa mbele, maji yanasubiri, lakini upande yanakotaka kwenda haujabadilika. Tangu nilipoanza kulifikiri neno hilo kwa Kiswahili, nusu ya maswali ya kweli-au-si-kweli yaliacha kunisumbua. Wadogo zangu, pepa mtaandika kwa Kiingereza, lakini msione haya kufikiri kwa lugha mliyonyonya nayo.

Fomula yenyewe mnaijua: ΔG = ΔH − TΔS, yaani badiliko la nishati huru ni badiliko la enthalpi (joto linaloingia au kutoka) ukitoa kiwango cha joto kwa kelvini (T) mara badiliko la entropi (mtawanyiko). Niieleze kwa tanuu, maana babu yangu alikuwa mchoma chokaa na utoto wangu niliumaliza pembeni ya moto ule.

Mawe ya matumbawe, ambayo ni kalsiamu kaboneti, hupangwa juu ya lundo la magogo lililozungushwa duara, moto unawashwa katikati. Kaboneti inavunjika: CaCO₃ → CaO + CO₂. Kwa moli moja ΔH ni +178 kJ, yaani mawe yanakula joto, hayatoi. ΔS ni +160.5 J/K, kwa sababu jiwe lililotulia limetoa gesi inayotawanyika. Kwa hiyo enthalpi inavuta kurudi nyuma, entropi inavuta kwenda mbele. Mwamuzi ni T, maana ndiyo inayozidishwa na ΔS. Joto likiwa dogo enthalpi inashinda na jiwe linabaki jiwe. Nyumba za Mji Mkongwe zimesimama kwa kanuni hiyo. Joto likipanda vya kutosha entropi inashinda. Wapi zinatoshana? Pale ΔG inapokuwa sifuri: T = ΔH ÷ ΔS = 178,000 ÷ 160.5, karibu kelvini 1,109, sawa na nyuzi 836 za Selsiasi.

Babu hakuwa na kipimajoto. Alikuwa anatazama rangi ya moto katikati ya mawe, na wekundu ukiwa bado mzito alituambia tuongeze kuni.

Nikirudi nitaendelea na kinetiki na majina. Ulizeni.

#2 Binti_Kyela

Kaka shikamoo. Uzi umekuja wakati wake. Mimi hilo swali la chokaa tulipewa kwenye mazoezi, nikagawanya 178 kwa 160.5 nikapata kelvini 1.11. Nikajua nimekosea ila sikujua wapi, nikaliacha hivyohivyo.

#3 Mwana_Tanuu

Marahaba mdogo wangu. Ulichofanya ndicho kinachowaangusha wengi: ΔH inaandikwa kwa kilojuli, ΔS kwa juli. Kitabu kinafanya hivyo kwa sababu namba za entropi ni ndogo, hakuna nia mbaya. Kabla hujagusa kikokotoo, zote zigeuze juli. Halafu T iwe kelvini daima. Nyuzi za Selsiasi ukiziingiza kwenye fomula ile, hata ishara ya ΔG inaweza kugeuka.

Na ile hisia uliyoipata ya "nimekosea" ishike sana. Kelvini 1.11 ni baridi kuliko popote ulipowahi kufika. Jibu likikataa kuingia akilini, rudi juu ulikague, lisiachwe hivyohivyo.

Ukitaka jaribio la mkono, fanya hivi. Weka vijiko vitatu vya urea ya mbolea kwenye glasi ya maji, koroga, shika glasi kwa nje (usinywe, na glasi hiyo uioshe vizuri). Itapoa mpaka utashtuka. Urea ikiyeyuka inakula joto, takribani kilojuli 15 kwa moli, yaani ΔH ni chanya. Kama mmenyuko ungeendeshwa na joto peke yake, urea isingeyeyuka kamwe. Inayeyuka kwa sababu TΔS imezidi ΔH: fuwele zilizojipanga zimetawanyika majini. Mimi niliielewa entropi siku niliyomsaidia mjomba kuchanganya mbolea ya kupulizia, nikazamisha mkono kwenye ndoo ya maji yaliyoanikwa juani nikakuta yamekuwa ya mtungini.

#4 Ticha_Uyole

Nimefundisha kemia sekondari miaka mingi, mtoa uzi niruhusu nikurekebishe kidogo. Hiyo 836 ni makisio, kwa sababu umechukulia ΔH na ΔS hazibadiliki na joto, na zile namba zimepimwa kwa nyuzi 25. Kwenye vipimo halisi, gesi inafikia kanieneo ya angahewa moja karibu na nyuzi 900. Mwanafunzi ajue hilo, asije akaiona hesabu kama msahafu.

Lakini kuna jingine. Tanuu la babu yako lilikuwa wazi. Upepo unabeba kaboni dayoksaidi, kwa hiyo haifikii angahewa moja kule juu ya jiwe. Hapo fomula ya kutumia ni ΔG = ΔG° + RT ln Q. R ni namba isiyobadilika ya gesi, na Q hapa ni kanieneo ya kaboni dayoksaidi iliyopo kweli ukilinganisha na ile ya kipimo. Q ikiwa chini ya 1, ln Q inakuwa hasi, ΔG inashuka. Ndiyo maana jiwe huanza kuvunjika hata kabla ya joto hilo.

#5 Mwana_Tanuu

Mwalimu, asante sana, hapo umeongeza kitu kikubwa. Nilipitisha haraka.

Na hilo la Q watu walishike hivi: ΔG° ni ya hali maalumu iliyopangwa, kila gesi ikiwa na kanieneo ya kipimo na kila myeyusho moli moja kwa lita. ΔG bila kale kaduara ni ya hali uliyonayo wewe sasa hivi. Kwenye msawazo, yaani kwenda na kurudi zikitoshana, ΔG ni sifuri, siyo ΔG°. Ukichanganya hapo, swali zima la alama kumi linaondoka.

Umenikumbusha pia jambo la tanuu. Babu alikuwa anayakataa mawe makubwa, anatufanya tuyapasue yawe kama ngumi. Nilidhani ni ugumu wa mzee. Jiwe kubwa likishaungua nje, joto linachelewa kufika ndani na gesi inachelewa kutoka, unalizima kwa maji unakuta kokwa ya katikati bado ni jiwe. Thermodinamiki ilisharuhusu. Muda ndio haukutosha. Kwenye lundo moja la magogo maswali yote mawili yalikuwepo.

#6 Mwana_Tanuu

Naendelea na kinetiki.

Wengi wenu mmefanya lile jaribio la kidato cha nne: sodiamu thayosalfeti na asidi hidrokloriki, karatasi yenye alama ya X chini ya bika. Unamimina, unabonyeza saa, unatazama kwa juu. Myeyusho unaanza kuwa na ukungu mwepesi kama maji ya mchele, kisha unakuwa wa maziwa yenye unjano, X inafifia mguu mmoja mmoja mpaka inapotea. Ule ukungu ni salfa. Ukipunguza thayosalfeti kwa maji, X inachelewa. Ukipasha moto, inawahi. Karibu kinetiki yote ya mwaka wa kwanza imo humo: kasi inategemea ukolezi na joto; kinachobaki ni kichocheo.

Kuhusu joto: kwa mmenyuko wenye kilima cha kilojuli 50 kwa moli, kutoka nyuzi 25 hadi 35 kasi inaongezeka mara 1.9 hivi. Hapo ndipo ule usemi wa "nyuzi kumi, kasi mara mbili" unapotoka. Usiuchukue kuwa ni sheria, kilima kikibadilika na namba inabadilika. Unaipata kwa mlinganyo wa Arrhenius, Msweden aliyepewa Tuzo ya Nobel ya kemia mwaka 1903.

#7 Ticha_Uyole

Huku kwetu Mbeya maharage ni ushahidi. Tuko kama mita 1,700 juu ya usawa wa bahari, maji yanachemka karibu nyuzi 94. Mgeni kutoka Dar anaongeza kuni akidhani atawahisha. Maji yakishachemka kuni za ziada zinaongeza mvuke tu, joto la sufuria halipandi. Sufuria ya presha inafika karibu 120 na maharage yanaiva kwa muda mfupi sana. Wanafunzi wangu huanzia hapo, fomula inafuata.

#8 Msaka_GPA

Mimi swali langu ni oda ya mmenyuko, yaani kile kipeo cha ukolezi kwenye fomula ya kasi. Mlinganyo ukiwa 2A + B → C, si ni oda ya 2 kwa A na 1 kwa B? Mbona mhadhiri amenikosesha?

#9 Mwana_Tanuu

Mkuu, oda haisomwi kwenye mlinganyo, inapimwa maabara. Namba za mbele ya A na B zinaonyesha hesabu ya vilivyoingia na vilivyotoka, hazionyeshi molekuli zilikutanaje njiani. Huenda mmenyuko ulipita hatua tatu, na ile hatua ya polepole ndiyo iliyopanga kasi.

Fanya hivi. A = 0.10, B = 0.10, kasi 0.0020. Ukiongeza A iwe 0.20, B ileile, kasi inakuwa 0.0080: A imezidi mara mbili, kasi mara nne, oda ya A ni 2. Ukirudisha A kuwa 0.10 na B ukaipeleka 0.20, kasi inakuwa 0.0040: oda ya B ni 1. Kisha namba ya kasi, k = 0.0020 ÷ (0.10² × 0.10) = 2.0. Safari hii oda zimefanana na namba za mlinganyo, lakini umezijua kwa sababu umezipima. Kwenye pepa nyingine A itaongezeka mara mbili na kasi haitasogea, hapo oda yake ni sifuri hata kama imeandikiwa 2.

#10 Zamani_Niliwahi

Mnawachosha watoto bure. Wachukue pepa za miaka mitano nyuma, wakariri njia, wanafaulu. Mimi nilifaulu hivyo.

#11 Mwana_Tanuu

Mkuu heshima yako, na pepa za nyuma nami nilizitumia, ni mazoezi mazuri. Lakini nilipokosa mara ya kwanza nilikuwa nimekariri njia za pepa sita. Swali lililokuja lilikuwa la zamani, ila waliuliza: "Je, kuongeza kichocheo kutabadilisha thamani ya K?" Sikuwahi kujiuliza K, ile namba ya msawazo, ni ya swali lipi kati ya yale mawili. K ni ya thermodinamiki, imefungwa kwenye ΔG° = −RT ln K. Kichocheo ni cha kinetiki, kinakata njia ya chini kupita kilima, kwenda na kurudi. K haitikisiki. Niliandika "itaongezeka", nikaeleza kwa ukurasa mzima. Nilikaa chuoni likizo nzima wenzangu wakiwa kwao, kwa sababu ya maswali ya aina hiyo. Sitaki mdogo wangu apite pale.

#12 Karafuu_Wete

Majina ya ogani bado, tunasubiri. Mimi kwetu Pemba, niliwahi kuona jina la dawa ya karafuu limeandikwa mstari mzima nikafunga kitabu.

#13 Mwana_Tanuu

Tuje kwenye majina, na hapa sisi tuna bahati kuliko tunavyojua.

Kidato cha kwanza sote tulichambua viambishi. *Hatutawapigia*: ha-tu-ta-wa-pig-i-a. Mwalimu alituambia tafuta mzizi kwanza, *pig*, halafu angalia vilivyobandikwa mbele na nyuma. Jina la IUPAC (shirika la kimataifa la kemia linalopanga majina rasmi) limejengwa hivyohivyo. Mzizi ni mnyororo mrefu wa kaboni: meth, eth, prop, but, pent, heks. Nyuma yake kuna kiambishi cha vifungo: -ani kama vyote ni vya moja moja, -eni kukiwa na cha mara mbili, -aini cha mara tatu. Mwishoni kabisa linakaa kundi kuu: -oli kwa alkoholi, -oni kwa ketoni, -oiki kwa asidi. Mbele yanakaa matawi: methili, ethili, kloro. Namba ni anwani tu, zinasema tawi liko nyumba ya ngapi.

Kwa hiyo propani-2-oli, ile spiriti ya kusafishia ngozi kabla ya sindano: kaboni tatu, vifungo vya moja moja, kundi la alkoholi kwenye kaboni ya pili. Siki ni asidi ethanoiki, kaboni mbili.

Kosa kubwa ni kuukosa mzizi. CH₃CH(C₂H₅)CH₃ wengi wanaiita 2-ethilipropani kwa sababu imechorwa kaboni tatu zimelala na mbili zimesimama. Mnyororo haujali umelala au umesimama. Fuata kwa kidole kutoka ncha hadi ncha, utapata kaboni nne: 2-methilibutani. Matawi yakiwa zaidi ya moja, yapange kwa alfabeti, ethili kabla ya methili, na di- au tri- usizihesabu kwenye alfabeti. Namba uanzie upande unaotoa anwani ndogo, ila kundi kuu likiwepo, lenyewe lina haki ya kwanza.

Karafuu_Wete, fungua tena kile kitabu. Harufu ya karafuu kwa sehemu kubwa ni yujenoli, na jina lake rasmi ni 2-methoksi-4-(prop-2-eni-1-ili)fenoli. Mzizi uko mwisho: fenoli, pete ya benzini yenye OH, na kaboni yenye OH ndiyo namba 1. Jirani yake, namba 2, ana methoksi, yaani OCH₃. Namba 4, upande wa pili wa pete, ina tawi la kaboni tatu lenye kifungo cha mara mbili. Tawi hilo lina namba zake, ndiyo maana limewekwa kwenye mabano. Basi, mstari mzima umekwisha.

Mazoezi mawili, anayeweza ajibu kabla ya Jumatatu:

(a) Taja jina: CH₃CH(C₂H₅)CH₂CH(CH₃)CH₃.

(b) N₂ + 3H₂ → 2NH₃, ΔH = −92.2 kJ, ΔS = −198.8 J/K. Unakwenda wenyewe kwa joto gani gesi zote zikiwa kwenye kanieneo ya kipimo? Na kwa nini viwandani wanautumia kwenye nyuzi 400 hadi 500?

#14 Karafuu_Wete

Mashaallah. Nimeliandika kwenye karatasi nimelibandika ukutani. Miaka yote tunaanika karafuu barazani sikujua nalala na fenoli.

#15 Binti_Kyela

Kaka najaribu.

(a) Kwanza niliandika 2-ethili-4-methilipentani. Nikafuata kwa kidole, mnyororo ni kaboni sita. Nikianza kushoto matawi yako 3 na 5, nikianza kulia 2 na 4. Kwa hiyo 2,4-dimethiliheksani.

(b) Nimegeuza kuwa juli kwanza! 92,200 ÷ 198.8 = kelvini 464, sawa na nyuzi 191. ΔH hasi na ΔS hasi, kwa hiyo unakwenda wenyewe *chini* ya 191. Viwandani wanapasha zaidi kwa sababu kwenye baridi ungechukua muda mrefu mno, kifungo cha naitrojeni ni cha mara tatu, kigumu kuvunja. Wanaweka kichocheo cha chuma ili wapate amonia nyingi zaidi.

#16 Mwana_Tanuu

Mdogo wangu, (a) ni sahihi kabisa, na umeonyesha ulivyojisahihisha, mhadhiri anapenda kuona hivyo.

(b) hesabu sahihi, sababu ya joto sahihi. Sentensi ya mwisho ifute. Kichocheo cha chuma kinawahisha msawazo, hakiongezi amonia iliyopo msawazo ukishafikiwa. Joto lile la juu limewapunguzia amonia, na wanaifidia kwa kanieneo kubwa, angahewa 150 hadi 250: molekuli nne za gesi zinakuwa mbili, ukizibana zinaelemea upande wenye chache. Halafu wanaitoa amonia kadiri inavyotokea, kama upepo ulivyokuwa unabeba gesi juu ya tanuu. Liandike upya hilo jibu la pili, kila sentensi uweke pembeni T kama ni ya thermodinamiki au K kama ni ya kinetiki (siyo ile K ya msawazo), kisha uliweke hapa.

#17 Binti_Kyela

"Chini ya 191 unakwenda wenyewe": T. "Kwenye baridi unachelewa mno": K. "Chuma kinashusha kilima": K. "Joto la juu linapunguza amonia": T. "Kanieneo kubwa inairudisha": T.

#18 Mwana_Tanuu

Zote tano. Kesho saa mbili usiku naweka esta na asidi zake, njoo na karatasi.